Seneti ya jimbo la Minnesota: nani anakaa, nani anatoka, na kiti kikibaki wazi inakuwaje (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kila kiti kikibaki wazi pale St. Paul, makao makuu ya jimbo, maswali ni yale yale, mara "gavana atamteua nani", mara "mbona tunapiga kura tena na juzi tu tumepiga", kwa hiyo haya hapa yote sehemu moja. Humu ndani "jimbo" ni Minnesota nzima na "wilaya" ni lile eneo linalomchagua seneta mmoja, tusije tukachanganyana.

Hii si ndo Seneti ile ya Washington?

Hapana. Ile ya Washington ina maseneta 100, Minnesota inapeleka wawili tu kule. Hii tunayoiongelea inakaa St. Paul, inatunga sheria za jimbo ikishirikiana na Baraza la Wawakilishi, na ukweli mambo yanayokugusa wewe kila siku, shule za watoto, leseni ya kuendesha gari, likizo ya uzazi, mengi yanaamuliwa hapa kuliko kule. Ila watu wanamjua seneta wa Washington kwa jina na sura, huyu wa wilaya yao hata wakikutana naye sokoni hawamjui.

Wako wangapi?

67. Ndo Seneti ya jimbo yenye watu wengi kuliko zote Marekani. Kila wilaya ya Seneti inakatwa vipande viwili, A na B, kila kipande kinatoa mjumbe mmoja wa Baraza, ndo maana Baraza lina 134. Ukisikia "38A" ujue ni nusu ya wilaya ya 38. Na kwa Wakenya mnaosoma hapa, ndio, Seneti ya Nairobi nayo ni 67 ukimtoa Spika, ni sadfa tu, hesabu zake zinatoka kwingine kabisa.

Nani anaruhusiwa kugombea? Nina green card, naweza?

Green card hapana, lazima uwe raia maana katiba ya jimbo inataka mgombea awe mpiga kura halali. Juu ya hapo uwe na miaka 21, uwe umeishi Minnesota mwaka mzima, na uwe umekaa ndani ya wilaya yenyewe miezi 6 kabla ya uchaguzi. Basi, hakuna sharti la digrii, na hakuna sharti la kuzaliwa Marekani, hilo ni la rais na makamu wake tu. Zaynab Mohamed alizaliwa Somalia, akachaguliwa seneta 2022 akiwa na miaka 25, mwanamke mdogo kuliko wote waliowahi kuingia Seneti hii. Upande wa Baraza, Huldah Momanyi Hiltsley aliyezaliwa Kenya akashinda 2024 kule Brooklyn Park. Kwa hiyo mtu akikwambia "sisi wa kuja haturuhusiwi" mwambie aache uvivu.

Lile la miezi 6 lisikupite hivi hivi. Mwishoni mwa 2024 mtu alishinda kiti cha Baraza wilaya ya 40B kwa kura nyingi tu, hakuna aliyebishia hesabu, lakini mahakama ikaona hakuwa anaishi kweli mle ndani ya wilaya, ushindi ukaishia hapo na uchaguzi ukarudiwa Machi 2025. Kukodi apartment na kuweka jina kwenye mkataba haitoshi, wapinzani watakuja kuangalia kama taa zinawaka usiku.

Muhula ni miaka 4 au 2? Nasikia yote mawili

Umesikia sawa, ni yote mawili. Kawaida ni miaka 4, lakini kila baada ya miaka 10 sensa inafanyika, mipaka ya wilaya inachorwa upya, na katiba inasema mipaka ikishachorwa maseneta wote warudi kwa wananchi. Sasa ili hesabu ikae sawa, ule muhula wa mwisho kabla ya mipaka mipya unakuwa miaka 2. Chaguzi zinaangukia miaka inayoishia na 2, 6 na 0. Waliochaguliwa 2020 walikaa miaka 2, wa 2022 wanakaa 4 mpaka uchaguzi wa Novemba 2026, wale wa 2030 watakaa 2 tena.

Halafu wote 67 wanaenda siku moja, hawaendi kwa zamu kama kule Washington ambako theluthi moja inagombea na waliobaki wanatazama. Siku moja tu inaweza kugeuza Seneti nzima juu chini. Ukomo wa mihula haupo, mtu atakaa mpaka wananchi wamchoke au achoke mwenyewe.

Wanalipwa?

Dola 51,750 kwa mwaka, kiwango cha kuanzia 2023, na hawajipangii wenyewe, tangu wananchi wapitishe mabadiliko ya katiba 2016 kuna tume ya pembeni inayopanga. Wengi wana kazi nyingine.

Kiti kinakuwaje wazi?

Njia za kawaida ni kifo na kujiuzulu. Nyingine ni kuhama wilaya, maana ukiacha kuwa mkazi wa eneo lililokuchagua sheria inahesabu umeacha kiti. Kuna kufukuzwa na Seneti yenyewe. Kuna mahakama na Seneti kuona uchaguzi haukuwa halali. Na kuna ile ya kupata cheo kingine, maana katiba haimruhusu seneta kushika ofisi nyingine ya serikali ya jimbo wala ya Marekani, isipokuwa, na hii huwa inachekesha, mkuu wa posta au mthibitishaji wa hati. Wale wazee walioiandika karne ya 19 sijui walikuwa na ndugu posta.

Kwa hiyo seneta akitaka kugombea cheo kingine lazima ajiuzulu kwanza?

Kugombea hapana, kushinda ndo kuna maneno. Omar Fateh aligombea umeya wa Minneapolis 2025, akashindwa na Jacob Frey, akarudi kwenye kiti chake cha Seneti kama kawaida. Kelly Morrison yeye alipokuwa anawania kwenda Congress, yaani Bunge la Marekani kule Washington, aliachia kiti Juni 2024 kabla hata hajashinda, kwa makusudi, ili uchaguzi wa kumrithi uingizwe kwenye siku ile ile ya Novemba watu wanapomchagua rais, wapiga kura wamejaa. Ujanja halali kabisa. Ann Johnson Stewart wa chama chake akashinda.

Haya, kiti kiko wazi. Gavana anamteua nani?

Hamteui mtu. Hapa ndo tunaulizwa kuliko popote kwa hiyo tulieleze vizuri. Minnesota gavana hana mamlaka ya kuweka mtu kwenye Seneti ya jimbo, hata kwa wiki moja. Kazi yake ni kutoa amri ya kuitisha uchaguzi mdogo. Kama Bunge liko kwenye vikao ana siku 5 tu za kutoa hiyo amri, kama liko mapumziko anakuwa na nafasi zaidi ya kupanga, na kwa kawaida kunakuwa na kura za mchujo za vyama halafu uchaguzi wenyewe. Kila kitu kinakimbia. Wagombea wanapata siku chache mno za kujiandikisha, kampeni inakuwa wiki kadhaa, mara nyingi Januari huko barafu mpaka magotini.

Majimbo mengine wanafanya tofauti. Mfano ambao watu wa Afrika Mashariki watauelewa haraka ni wa Barack Obama. Kabla ya Washington alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, tangu 1997. Alipochaguliwa kwenda Washington Novemba 2004 akaachia kile kiti cha Chicago, na Illinois hakuna uchaguzi mdogo kwa hilo, viongozi wa chama wa eneo hilo ndo wanakaa na kuchagua mrithi. Wakamchagua Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baadaye akawa mwanasheria mkuu wa jimbo. Kwa hiyo aliyemrithi Obama pale aliingia bila mwananchi hata mmoja kumpigia kura siku hiyo. Tusipindishe, Raoul alikuja kushinda chaguzi zake mwenyewe, lakini mimi mfumo wa Minnesota naupenda zaidi, hata kama ni gharama na wapiga kura wanakuja wachache.

Na Kenya je? Tanzania?

Kenya ni mchanganyiko. Seneta wa kaunti akifa au akitoka, Spika anaijulisha IEBC, ile tume ya uchaguzi, ndani ya siku 21 na uchaguzi mdogo unatakiwa ndani ya siku 90, ila wale wa kuteuliwa wanajazwa kutoka kwenye orodha ya chama. Sheria ni hiyo, utekelezaji mwauona wenyewe, seneta William Cheptumo wa Baringo alifariki Februari 2025 na watu wa Baringo wakapiga kura Novemba 27 kwa sababu tume haikuwa na makamishna. Huku St. Paul kiti kikikaa wazi miezi tisa watu wangeshaenda mahakamani mara tatu. Tanzania hakuna Seneti, Bunge ni moja, jimbo la uchaguzi likibaki wazi ni uchaguzi mdogo na viti maalum vinajazwa kwenye orodha ya chama.

Mbona 2025 tulikuwa tunaitwa kupiga kura kila saa? Kilitokea nini?

Kilitokea kila kitu. Kuanza na hesabu: ili muswada upite Seneti lazima kura 34 kati ya 67, na hazipungui kwa sababu viti viko wazi. DFL, yaani Democrats wa huku, walikuwa na 34, Republicans 33. Tofauti ya mtu mmoja. Kwa hali hiyo mtu mmoja akikohoa jengo zima linatetemeka.

Desemba 27, 2024 seneta Kari Dziedzic wa Minneapolis akafariki kwa saratani. Alikuwa kiongozi wa walio wengi kabla ya ugonjwa kumrudia na kukabidhi kazi hiyo kwa Erin Murphy. Bunge lilikuwa linafunguliwa Januari 14, yaani wanaingia ukumbini ni 33 kwa 33. Na hapa hamna wa kuvunja sare, zamani naibu gavana ndo alikuwa anaongoza Seneti lakini katiba ilibadilishwa 1972 na cheo hicho kikaondolewa mle ndani. Wakakaa chini wakakubaliana kugawana madaraka, wakawa na marais wawili wa Seneti kwa pamoja, Bobby Joe Champion wa DFL na Jeremy Miller wa Republicans, kamati nazo nusu kwa nusu. Yaani siku hizo ambapo upande wa Baraza Democrats walikuwa wamesusa hawaingii kabisa ukumbini, Seneti walikuwa wanakunywa kahawa pamoja. Uchaguzi mdogo ukafanyika Januari 28, Doron Clark akashinda, mwanzoni mwa Februari DFL wakarudi na 34 zao.

Hawajapumua, Machi seneta Justin Eichorn wa Republicans akakamatwa kwenye mtego wa polisi akituhumiwa kutafuta ngono na binti aliye chini ya umri. Siku chache tu baadaye, wenzake wakiwa wanajiandaa kupiga kura ya kumfukuza, akajiuzulu. Aprili 29 wilaya ya 6 wakapiga kura, akaingia Keri Heintzeman.

Julai ikaja na mawili ndani ya wiki moja. Nicole Mitchell wa DFL akakutwa na hatia ya kuvunja nyumba ya mama yake wa kambo, akajiuzulu, na Bruce Anderson wa Republicans akafariki ghafla. Ikawa 33 kwa 32. Bahati Bunge halikuwa kwenye vikao, chaguzi zote mbili zikawekwa Novemba 4. Michael Holmstrom akachukua cha Anderson, Amanda Hemmingsen-Jaeger akachukua cha Mitchell, ila huyu mama alikuwa mjumbe wa Baraza, kwa hiyo kiti chake cha Baraza nacho kikabaki wazi na watu wa Woodbury wakarudishwa foleni kwa mara nyingine. Ndo jibu la "mbona tunaitwa tena".

Ukiweka na kile cha Morrison, kutoka Novemba 2024 mpaka Novemba 2025 ni chaguzi ndogo tano za Seneti, na zote tano chama kilichokuwa na kiti kikakirudisha. Pesa zilizomwagwa kwenye matangazo, na mwisho wake tukabaki 34 kwa 33 pale pale.

Seneta akiugua sana au akijeruhiwa anapoteza kiti?

Hapana. Kiti ni chake mpaka afe, ajiuzulu au aondolewe kwa njia tulizotaja. Juni 14, 2025, usiku ule mbaya, mtu aliyevaa kama polisi alimpiga risasi seneta John Hoffman na mkewe Yvette nyumbani kwao Champlin, halafu akaenda Brooklyn Park akamuua Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza, pamoja na mumewe Mark. Hoffman alilazwa na risasi nyingi mwilini lakini kiti hakikuguswa, alipona na akaendelea kuwa seneta. Kiti cha Hortman ndo kilichoitishiwa uchaguzi mdogo, Septemba. Wengi mnaokaa Brooklyn Park mnaikumbuka ile asubuhi ya kuambiwa msitoke ndani, hatuna la kuongeza.

Na akishtakiwa? Mtu ana kesi bado anapiga kura za sheria?

Ndio, kushtakiwa tu hakumtoi mtu. Mitchell alikamatwa Aprili 2024, chama chake kikamtoa kwenye kamati na kwenye vikao vyao vya ndani, lakini kura ukumbini aliendelea kupiga mpaka Julai 2025 alipokutwa na hatia na kujiuzulu, zaidi ya mwaka. Na kumbuka tofauti ilikuwa kura moja, kwa hiyo wenzake walikuwa wanamkwepa kwenye kamera na kumhitaji kwenye kura. Sema ukweli, kungekuwa 40 kwa 27 angetolewa mapema, na hilo tunalisema kwa vyama vyote viwili.

Kufukuza kunahitaji theluthi mbili. Kwa watu 67 hiyo ni kura 45, maana yake chama kimoja peke yake hakiwezi, lazima wa upande wake mwenyewe wamkatae.

Sisi wananchi tunaweza kumng'oa?

Tunaweza ila si kazi ndogo. Tangu 1996 katiba inaruhusu kumrudisha nyumbani mbunge wa jimbo katikati ya muhula, lakini sababu lazima iwe kosa la kiutendaji kazini, kushindwa kufanya kazi, au kukutwa na hatia ya kosa kubwa. Kumchukia kwa alivyopiga kura siyo sababu. Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo inapitia kwanza, halafu zitafutwe saini za asilimia 25 ya waliopiga kura kwenye uchaguzi uliopita wa kiti hicho. Ushauri wetu, subiri uchaguzi.

Aliyeshinda uchaguzi mdogo anaanza miaka 4 mipya?

Hapana, anamalizia ya mwenzake.

Rais wa Seneti ana kazi gani, na kweli anaweza kuwa naibu gavana hata kama hataki?

Kazi ya kila siku ni kuongoza vikao, nguvu ya kisiasa anayo zaidi kiongozi wa walio wengi. Lakini katiba ya jimbo ina kamba moja imefungwa shingoni kwa Rais wa Seneti: gavana akitoka naibu gavana anakuwa gavana, na nafasi ya naibu gavana ikibaki wazi kwa sababu yoyote aliyechaguliwa mwisho kuongoza Seneti "anakuwa" naibu gavana. Hakuna mahali pameandikwa aulizwe kama anataka.

Ilitokea 1976. Walter Mondale alipochaguliwa makamu wa rais wa Marekani kiti chake cha Washington kikabaki wazi, gavana Wendell Anderson akajiuzulu ugavana, naibu wake Rudy Perpich akawa gavana, na jambo la kwanza Perpich akamteua Anderson kwenda kukalia kile kiti cha Mondale. Rais wa Seneti Alec Olson akapanda kuwa naibu gavana. Wote walikuwa DFL kwa hiyo ndani ya chama ilikuwa sherehe, ila wananchi waliona kama watu wamegawana nyama jikoni, na 1978 Anderson na Perpich wote wakapigwa chini.

2018 ndo ilikuwa tamthilia. Al Franken akajiuzulu Seneti ya Washington, gavana Mark Dayton akamteua naibu wake Tina Smith. Sasa Rais wa Seneti alikuwa Michelle Fischbach, Republican, na chama chake kilikuwa na tofauti ya kura moja tu. Akiondoka inakuwa 33 kwa 33. Yeye akasema nitashika vyote viwili, naibu gavana na seneta, akategemea hukumu ya zamani ya 1898 iliyoruhusu kitu kama hicho. Mkazi wa wilaya yake akafungua kesi, hakimu akaitupa akisema ni mapema, ikafunguliwa tena, na Mei vikao vilipoisha Fischbach akajiuzulu useneta akaapishwa naibu gavana wa gavana wa chama pinzani. Mtoto wa watu alikaa miezi kadhaa na vyeo viwili na katiba ile ile inayosema posta na uthibitishaji hati tu. Kiti chake kikaenda kwenye uchaguzi mdogo Novemba, Jeff Howe akakirudisha kwa Republicans.

Na 2024 nusura ijirudie. Gavana Tim Walz angeshinda umakamu wa rais na Kamala Harris, naibu wake Peggy Flanagan angekuwa gavana, na Rais wa Seneti Bobby Joe Champion angevutwa kuwa naibu gavana, kiti chake kingebaki wazi kwenye Seneti hiyo hiyo ya kura moja. Kuna watu walikuwa wanampigia Walz kampeni mchana na usiku wanapiga hesabu za St. Paul.

Maoni yetu, kifungu hiki kingerekebishwa, gavana apewe nafasi ya kupendekeza naibu na Bunge lithibitishe kama Washington wanavyofanya na makamu wa rais. Lakini kila mara mjadala unaanza wakati chama fulani kinanufaika, halafu unakufa.

Nitajuaje kama wilaya yangu ina uchaguzi mdogo, na kazini wataniruhusu?

Tovuti ya ofisi ya Katibu wa Jimbo, unaweka anwani yako inakuonyesha wilaya, seneta wako, kituo chako na kura iliyopo mbele. Hata kama hujajiandikisha unaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura pale pale kituoni, beba kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi. Kuhusu kazi, sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi muda wa kwenda kupiga kura bila kukatwa mshahara, na uchaguzi mdogo wa seneta wa jimbo umo, kwa hiyo bosi akikuuliza "leo kuna uchaguzi gani tena" mwambie kiti kiko wazi, unaenda na kurudi.